Kwaya zetu hazina haja ya kuiga Wamarekani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika juzi kati kuhusu kwaya zetu na Kiingereza chao. Alisema mengi lakini kwa kifupi anataka tuchague moja, au tuimbe "kama Wamarekani wenyewe" au tuachane nacho kabisa tubaki na Kiswahili chetu, manake kila ikifika Krismasi na Pasaka anaona aibu kukaa kanisani anasikiliza "Godi" na "Lodi" badala ya "God" na "Lord". Mimi nafundisha kwaya hapa Dar, hiyo "Lodi" anayoisema naijua vizuri sana, nakutana nayo kila mazoezi. Ila alichopendekeza huyu ndugu hakiondoi tatizo, kinatuletea la pili juu ya lile la kwanza.

Tuanze na hao Wamarekani. Siku hizi kijana akishaangalia video kadhaa YouTube anarudi mazoezini ulimi umekunjwa nyuma huko, sauti yote imehamia puani, "Lorrrd", "borrrn", "worrrld", na anaamini ndo Kiingereza cha kuimba kilivyo. Sasa chukua Messiah, ile kazi ndefu ya kwaya ya mtunzi Handel, ambayo kwaya zetu nyingi hata zisipoiweza yote lazima ziimbe Haleluya yake. Kazi hii iliandikwa London 1741, jamaa aliimaliza kwa siku 24, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Wimbo wa namna hiyo waimbaji wa Uingereza leo wanauimba kwa utaratibu unaoeleweka, kwamba r ikifuatwa na konsonanti haitamkwi, na ikiwa mwisho wa neno kabla ya kupumua pia haitamkwi, inabaki irabu peke yake imenyooka na ndefu. Na sababu siyo maringo. Nota inaishi kwenye irabu, sasa ukikunja ulimi ile irabu inazibwa, yaani umepewa nota ya mapigo manne, umekunja ulimi kwenye pigo la kwanza, hayo matatu yaliyobaki unaunguruma tu. Kwa hiyo wazee wetu waliokuwa wanaimba "Lodi" bila r walikuwa wamepatia sehemu kubwa ya neno, kilichowaponza ni ile i ya mwisho.

Na usiniambie kwamba kwenye gospo ni tofauti. Sikiliza Mahalia Jackson, mzaliwa wa New Orleans, halafu uniambie hiyo r ya kukunja iko wapi anapomtaja Bwana. Wanaokunja ulimi wapo, muziki wa country, ule wa Nashville huko Marekani, umejaa, na kama unaimba country basi kunja bana, ndo mahali pake. Lakini kumchukua Handel ukamvalisha kofia ya Nashville kwa sababu tu umesikia Mmarekani anaimba, hapo hujaboresha kitu. Waingereza wenyewe walishapita njia hii. Mwaka 1983 mtaalamu wa lugha Peter Trudgill aliandika kuhusu waimbaji wa pop wa Uingereza ambao wakishika maiki wanageuka Wamarekani wakati nyumbani hawaongei hivyo, akaonyesha kwamba hata The Beatles walianza na r za kuigiza nyingi tu na kadiri miaka ya 60 ilivyosogea wakawa wanazipunguza, na kwamba kuna waliokuwa wanaipachika r hata kwenye neno ambalo halina r. Mimi hao wa kupachika ninao kwenye sauti ya tatu, kwa hiyo huwa nacheka.

Tatizo letu hasa liko kwingine, na wala si la siri. Kiswahili kinapenda silabi iishe na irabu, Kiingereza hakijali. Mswahili ukimpa neno linaloishia na konsonanti ulimi wake unatafuta pa kukalia, "God" inakuwa "Godi", "bread" inakuwa "bredi", "Christ" inakuwa "Kraisti" silabi tatu hapo wakati mtunzi katoa nota moja. Kwenye maongezi hiyo i ya ziada inapita na mtu anakuelewa maisha yanaendelea. Kwenye kuimba ile i inadai pigo lake, soprano wameitia, alto hawajaitia, besi wameitia wamechelewa, na mstari mzima umeshaharibika. Halafu kuna wale waliokemewa sana na mwalimu mpaka wakaamua bora wazikate konsonanti zote wawe salama, unasikia "Go", "Chrai", "bre", hapo sasa hata aliyeshika karatasi hajui tumefika wapi.

Ninachofanya mimi, na walimu wengine wengi wanafanya, ni kuamua konsonanti inadondoka pigo lipi. Kama nota ina mapigo matatu halafu pumziko la pigo moja, basi d ya "Lord" inakaa pale pale pigo la nne pumziko linapoanza, na kila mtu achukue penseli aiandike hiyo d juu ya pumziko, asiseme atakumbuka maana hatakumbuka. Ikidondoka kwa pamoja ni d. Kila mtu akidondosha wakati wake ni mvua imeanza kwenye bati. S ndo mbaya zaidi kwa sababu inasikika mbali, kwa hiyo usiwape kwaya nzima, wape wachache kila sauti na waliobaki waishie kwenye irabu, msikilizaji atasikia s moja safi na hatajua kwamba wengine hawakuitamka.

Na hapa kuna jambo ambalo huyu msomaji wetu aliyekereka na "Lodi" sidhani kama analijua. Walimu wa kwaya huko Ulaya wenyewe huwaambia waimbaji wao waongeze kijisauti kidogo sana baada ya d au b au g ya mwisho, ili isikike mpaka viti vya nyuma, kwa sababu kwenye kanisa kubwa "Lord" ikiimbwa bila hicho kijisauti inafika nyuma ikiwa "lot" au haifiki kabisa. Kwa hiyo na wao wanasema "Lod" na kitu kidogo nyuma yake! Tofauti na sisi ni kwamba chao ni kifupi, hakina nota yake, na siyo i, ni ile sauti ya mdomo uliolegea. Ukimweleza hivyo mwanakwaya hajisikii mshamba, anaelewa kwamba ametia chumvi nyingi tu, anapunguza.

Hiyo sauti ya mdomo uliolegea ndo somo kubwa kuliko yote na ndo ambayo hatufundishwi. Sisi kila irabu tunaipa haki yake, a ni a, e ni e, iwe mwanzo wa neno au mwisho. Mwingereza hana usawa huo, silabi moja anaibeba juu zilizobaki anazikanyaga. Neno la kwanza kabisa linaloimbwa kwenye Messiah ni "Comfort", teno anasimama peke yake na kila mtu anamtazama, na teno wetu anaimba "Kom-foti" silabi zote mbili kifua mbele. Ile ya pili haitakiwi kuwa "fot", ni f na t na katikati yake hiyo sauti iliyolegea ambayo Kiswahili hakina. Hata "people", hata "of", hata "the". Halafu sisi tuna mazoea ya kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lugha yetu ndivyo ilivyo, kwa hiyo maneno ya silabi mbili mara nyingi tunapatia kwa bahati, yakifika ya silabi tatu ndo tunakwama, "won-DE-ful", "kaun-SE-lo", na "omnipotent" inakuwa "omni-PO-tenti" wakati mkazo uko kwenye "ni". Bahati nzuri mtunzi mzuri anakusaidia, pale kwenye "Wonderful, Counsellor" mapigo yenyewe yanakupandisha kwenye silabi ya kwanza, kazi yako ni kuziacha zilizobaki zishuke zenyewe usizisukume. Kuimba silabi dhaifu si kuifupisha jamani, nota yake ina urefu wake, unaipunguzia uzito tu. Hili huwa nalirudia mpaka nachoka.

"The" peke yake ingetosha barua nzima. Ikifuatwa na konsonanti irabu yake inalegea, "the Lord", "the glory", ikifuatwa na irabu inakuwa "dhi", "the earth", "the everlasting". Kwaya zetu nyingi zinaimba "dhi" kila mahali au "dha" kila mahali, na zingine ni "za" moja kwa moja.

Ambapo sasa nashangaa kabisa, manake "za" ya nini? Sisi th na dh tunazo! Mjerumani hana, Mfaransa hana, wanalipa walimu kuwafundisha namna ya kutoa ncha ya ulimi kwenye meno, na wewe Mswahili unasema thamani, thelathini, dhahabu, dhambi tangu utotoni, basi "with" ni th au dh hiyo hiyo uliyonayo na "the" ni dh ya dhahabu. Najua wapo wanaosema "zahabu" na "samani", hasa sisi tuliokulia bara, basi mwalimu aanzie hapo hapo kwenye Kiswahili, akishapata "dhahabu" iliyonyooka "the" itakuja yenyewe. Ng pia. "King of Kings" tunaimba "Kingi ofu Kingsi" na g nzito kabisa ya ngoma, wakati kinachotakiwa ni ng' ya ng'ombe, sauti ambayo Waitaliano wanahangaika nayo mwisho wa neno na sisi tunaitamka tukiwa usingizini. Na hiyo s ya "Kings" ni z, kama ilivyo kwenye "Lords" na "his" na "is", inaandikwa s inasomwa z, wakati "us" na "peace" na "voice" ni s ya kweli. L zetu pia ni nzuri, za mbele ya mdomo, walimu wengi wa uimbaji wanaitaka hiyo hiyo kuliko l nzito ya nyuma ambayo Waingereza wanaisema kwenye "all" na "child". Kwa wenzetu ambao l na r zinabadilishana viti, "glory" inageuka "grory", dawa ni mazoezi ya polepole kwenye kioo kuangalia ulimi unagusa wapi, siyo kuchekana. Wakenya wana neno lao "kushrabu" kwa ajili ya kuchekana huko na nimeona mwanakwaya mwenye sauti nzuri sana akiacha kuimba sehemu ya peke yake kwa sababu ya neno hilo.

Tena irabu zetu tano zilizonyooka ni mali. Kuna sababu wanafunzi wa sauti duniani wanaanzishwa na Kiitaliano, ni kwa sababu irabu zake hazitikisiki, na zetu zinafanana nazo sana. Mwingereza akiimba "no" ndefu unasikia "nouuu", mwalimu wake anahangaika kumnyoosha, wewe unanyooka bila kuambiwa.

Pabaya ni pale Kiingereza chenyewe kinapotaka irabu mbili ziungane, kama "night", "day", "joy", "reign", "child". Kwetu irabu mbili ni silabi mbili, "faida" ni fa-i-da, kwa hiyo "night" ndefu tunaigawa sawa kwa sawa, mapigo mawili "na" na mapigo mawili "iii", na ile "iii" inapiga kelele. Sheria ni kukaa kwenye ya kwanza mpaka mwisho kabisa wa nota, hiyo ya pili unaigusa unapoondoka. "Joy" ya mapigo manne ni "jooooo" na kidokezo cha i. Nikiwaambia hivi kwa mara ya kwanza wanadhani natania, halafu wakisikiliza rekodi wanakubali.

Kingine ni kwamba Kiingereza cha Uingereza ukihesabu irabu zake na zile zilizoungana zinafika kama 20, sisi tuna 5, kwa hiyo lazima baadhi zitagongana mlangoni. Kwenye Messiah kuna wimbo wa kwaya unaosema "All we like sheep have gone astray", sasa kwaya ikiimba "ship" badala ya "sheep" basi hao waliopotea si kondoo tena ni meli. "Sin" na "seen", "live" na "leave", "full" na "fool". Watu wanafikiri tofauti ni urefu, na kwenye maongezi urefu unasaidia, lakini mtunzi akishaweka "sin" kwenye nota ndefu urefu umekwisha kazi yake, kinachobaki ni aina ya sauti, i ya "sin" imelegea na iko karibu kidogo na e, ya "seen" imebana. Nyie jaribuni tu mbele ya kioo mtaona mdomo unavyobadilika.

Sasa kuhusu aibu. Ndugu yetu anaandika kana kwamba sisi ndo watu wa kwanza duniani kuimba Kiingereza cha kuazima. Handel mwenyewe alikuwa Mjerumani, kazaliwa Halle 1685, akahamia London, uraia wa Uingereza akaupata 1727, na waliomjua waliandika kwamba Kiingereza chake kilibaki na Ujerumani mwingi ndani yake. Waimbaji wake wakubwa walikuwa Waitaliano. Mwaka 1732 alipoimbisha kazi yake nyingine, Esther, kwa Kiingereza kilitoka kijitabu London kikiwasema Senesino na Bertolli kwamba namna walivyokifanya Kiingereza ungeapa kuwa ni Kiwelshi. Senesino huyo alikuwa anashangiliwa London nzima! Kwa hiyo hizi barua za kukereka na Kiingereza cha waimbaji zina karibu miaka 300, nampa pole tu.

Na kuna kitu ndani ya Messiah yenyewe ambacho nawaonyesha wanakwaya wangu wakianza kujidharau. "For unto us a child is born" muziki wake Handel hakuuandikia maneno hayo. Aliuchukua kwenye wimbo wake wa watu wawili wa Kiitaliano aliouandika mwaka huo huo wa 1741, unaoanza na neno "No" yaani hapana, mtu anakataa kwa hasira. Sasa hapo kwenye "hapana" ya nguvu ndo kaja kuweka "For", kineno ambacho kwenye Kiingereza hakina uzito wowote, ndo maana kwaya nyingi zinaanza "FOO!" kama zinamfukuza mtu, na waongozaji wazuri wanalipunguza hilo "For" ili uzito uende kwenye "child" na "born". Ukijua hivyo unaacha kuimba nota, unaanza kuimba sentensi, na matamshi yenyewe yananyooka nusu bila kukunja ulimi popote.

Mgeuzie kibao basi. Kuna wimbo wa "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, Mmarekani Christopher Tin aliutungia mchezo wa kompyuta wa Civilization IV uliotoka 2005, na 2011 ukapata tuzo ya muziki ya Grammy, mara ya kwanza kwa muziki wa mchezo wa kompyuta. Tangu hapo kwaya za Marekani na Ulaya na Asia zinauimba, ukifungua intaneti ziko tele, na Kiswahili chake sasa... unasikia "yeitu", unasikia "mbinguni" ambayo mtu ameanza na "im" au ameiruka m kabisa kaenda na b, "lako" inakuwa "lakou", "duniani" silabi zimekanyagwa moja imebaki juu. Ni makosa yetu yale yale yamegeuzwa nje ndani, sisi tunawapa silabi zao dhaifu nguvu ambayo hazikuomba, wao wanazinyang'anya zetu. Na sijaona Mswahili hata mmoja aliyeandika kwamba hao waache kuimba, watu wanashea video wanatabasamu, na kwaya zilizo makini zinatafuta Mswahili wa kuwasomea maneno kwanza. Basi na sisi tufanye hivyo hivyo, mbona tunajihukumu kwa kanuni nyingine?

Wanaolaumiwa sana ni wanakwaya wakati mara nyingi kosa limeanzia kwenye karatasi. Sisi wengi tunaimba kwa sol-fa, zile nota za do re mi, na hizo karatasi zimenakiliwa kwa mkono, zikapigwa fotokopi, fotokopi ikapigwa fotokopi, mpaka "reigneth" imekuwa "reignet" na "Counsellor" imeandikwa namna ambayo nashindwa hata kuirudia hapa. Mwanakwaya anasoma alichoandikiwa. Mwalimu kabla hajagawa karatasi akae na Biblia ya Kiingereza, maneno ya Messiah yote Charles Jennens aliyatoa kwenye Maandiko, mengi ni ya tafsiri ya King James, kwa hiyo kuhakiki ni kazi ya jioni moja.

Na mazoezi yabadilike kidogo. Kwetu nota zinafundishwa wiki na wiki, maneno yanabandikwa juu mwishoni kabisa onyesho likikaribia, ulimi ulishazoea "la la la" sasa unaambiwa ghafla utamke Kiingereza cha karne ya 17 kwa kasi. Mi naanza na maneno. Tunayasoma kwa mapigo bila nota, kama tunaongea lakini kwa wakati wa wimbo. Halafu tunaimba irabu peke yake konsonanti zote tumezitoa, hapo ndo utasikia nani ana "ship" na nani ana "sheep". Konsonanti zinarudi mwisho na penseli zake. Wanaojua alama za matamshi za kimataifa, zile zilizotokana na chama cha fonetiki kilichoanzishwa Paris 1886, wazitumie, vyuo vya muziki vinafundisha waimbaji hizo alama kwa lugha yoyote, lakini kwaya ya mtaa si lazima, kamusi za Kiingereza za mtandaoni zina kitufe cha kusikiliza neno na ni bure. Simu nayo, rekodi mstari mmoja, mtumie mtu ambaye hajauona wimbo, mwambie aandike alichosikia. Usimuulize kama ni nzuri, atakwambia ni nzuri. Aandike tu. Alichoandika ndo matamshi yenu.

Niseme na hili la vijana wa Bongo Fleva maana ndugu yetu aliwagusa pia kuhusu Kiingereza chao. Hapo mimi niko upande wa vijana. Ukiimba wimbo wa Kiswahili ndani yake kuna "bebi" na "lavu", hayo maneno yameshakuwa ya kwetu, yaache na irabu zake za Kiswahili, kinachokera ni mtu anaimba Kiswahili safi akifika "baby" anageuka ghafla kuwa mtu wa Atlanta kwa neno moja halafu anarudi Mbagala. Lakini kama ubeti mzima ni wa Kiingereza na unataka Mnigeria na Mghana wauelewe, basi ufanyie kazi kama mwanakwaya anavyoufanyia, na wapo waliofanya kazi hiyo kwa uzito. Céline Dion, ambaye lugha yake ni Kifaransa, alipotaka kuimba Kiingereza alikaa akasoma lugha kwanza, albamu yake ya kwanza ya Kiingereza ikatoka 1990, na hakuwa mtu asiye na jina, kwao Quebec alikuwa nyota tayari. ABBA, kundi la Uswidi, walishinda mashindano ya nyimbo ya Eurovision 1974 kwa Kiingereza na Uswidi wao unasikika mpaka leo ukisikiliza kwa makini, na kila neno unalielewa. Hapo ndo pa kulenga, neno lieleweke na lidondoke kwenye pigo lake, lafudhi ikibaki ya kwenu hakuna ubaya.

Wenzetu Kenya wametuzidi kwenye hili, tukubali. Wana tamasha lao la muziki la mashule ambalo limekuwepo tangu 1927, shule zinaimba nyimbo za kizungu zilizopangwa, na anayeamua anatoa alama za matamshi pia, kwa hiyo mtoto anakua anajua kwamba d ya mwisho ni sehemu ya muziki. Kwetu mashindano ya kwaya tunayo mengi tu, ya madhehebu, ya mikoa, ila mara nyingi alama zinaishia kwenye sauti, sare na kutembea vizuri kuingia jukwaani. Waandaaji wakiweka alama chache za matamshi, na kwa nyimbo za Kiswahili pia maana huko nako "zambi" zimejaa, walimu wote watanunua penseli wiki hiyo hiyo.

Mwisho nina ombi kwa walimu wenzangu wanaosoma gazeti hili. Ile sauti iliyoko kwenye "earth", "world", "mercy" na "birth" bado inanisumbua, besi wangu wananipa "ath", "wold" na "masi". Nimewaambia waweke midomo kama wanataka kusema o halafu ulimi useme e, soprano wameipata, alto wanaenda vizuri, besi wanasema nawachezea. Kama kuna aliyepata njia nyingine inayofanya kazi kwa wanaume watu wazima waliotoka kazini wamechoka, naomba aandike hapa hapa kwenye ukurasa wa barua, Pasaka haiko mbali.

Wenu,
Mwalimu wa kwaya,
Dar es Salaam